Matairi ya Ukweni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku hiyo Kinyozi aliinama mpaka magoti yakalia. Alikuwa uani kwa mama mkwe wake, amechuchumaa nyuma ya gari la mwanyumba wake, shingo kaipinda kama kuku anayesikiliza mchwa, anasoma maandishi ya ubavuni mwa tairi. Ndani, watu walikuwa bado mezani. Aliaga kwamba anakwenda kunawa mikono. Bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa nyumba.

"Mia mbili kumi na tano," alinong'ona. "Arobaini na tano. Kumi na saba."

"Shemeji, umepoteza nini huko chini?"

Alishtuka, kichwa kikagonga digadi, lile bati linalofunika gurudumu. Shemeji yake, mdogo wa mkewe na mke wa mwenye gari, alikuwa amesimama na beseni la maji machafu.

"Kifungo," alisema Kinyozi akijisugua utosi. "Kifungo cha shati."

Shemeji akamtazama kifuani. Kinyozi alikuwa amevaa fulana.

"Haya," alisema shemeji akimwaga maji yake taratibu. "Ukikipata uniite, nikushonee na shati lake."

Mwanyumba ni kiumbe wa ajabu. Ndugu umezaliwa naye, rafiki umemchagua, jirani unaweza kumhama. Mwanyumba umeletewa. Dada wawili wanaolewa, na wanaume wawili wasiojuana wanajikuta wamepandishwa kwenye mizani moja, wanapimwa kama mafungu ya nyanya. Huyu wa Kinyozi alikuwa fundi wa vioo na madirisha, na watu walimwita Futi, kwa sababu futi yake ya chuma haikumtoka mfukoni hata alipovaa suti. Mtu mtaratibu, mpole, asiye na neno na mtu. Hilo ndilo lililoudhi. Ukimchukia mtu mbaya unapata wa kukuunga mkono. Ukimchukia mtu mwema, mzigo unaubeba peke yako.

Wote wawili waliugua ugonjwa mmoja. Jumapili asubuhi, kwenye uwanja mdogo wa ndege ulioachwa, ambako nyasi zilikuwa zikipenya kwenye nyufa za lami, walikutana na wenzao wa klabu na kuyaendesha magari yao ya kwendea kazini kwa kasi ambayo trafiki asingeivumilia. Zawadi haikuwepo. Kila gari lilizunguka peke yake, linashindana na saa. Mwalimu wa hesabu alikuwepo, muuza dawa alikuwepo, dobi na mkewe nao hawakukosa. Saa ya kubonyeza ilishikwa na mke wa Kinyozi, kwa sababu alikuwa na kidole kisichopendelea: hata mumewe alimbonyezea palepale pua ya gari ilipogusa mstari, si kabla wala si baada.

Magari yao yalikuwa pacha, aina moja, umri mmoja, injini ndogo ya kusagia pilipili. Kwa misimu miwili Kinyozi ndiye aliyekuwa mbele. Hakujisifu sana, alijisifu kiasi tu cha kila mtu kusikia. Futi naye alikuwa na adabu ya aliyeshindwa: msimu mzima uliopita alikuja dukani kunyolewa kila wiki, ingawa kichwani mwake nywele zilikuwa za kuhesabika, na Kinyozi aliihesabu hiyo kuwa heshima.

Kisha ikaja Jumapili ambayo shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake. Kinyozi alibaki dukani na vichwa vya watoto wa mtaa mzima. Mkewe alikwenda uwanjani na mdogo wake, akarudi jioni na vumbi kwenye nyusi.

"Mwanyumba wako leo kakuvua taji."

Mashine ya kunyolea ikasimama katikati ya kichwa cha mteja. "Kwa kiasi gani?"

"Pumzi moja tu. Lakini pumzi ni pumzi, mume wangu; asiye nayo anaitwa marehemu." Akavua viatu, akavikung'uta mlangoni. "Ana matairi mapya. Gari linaingia kona kama kisu kwenye papai!"

Maneno hayo Kinyozi angeweza kuyameza. Kilichomkaa kooni ni macho ya mkewe alipokuwa akiyasema. Yalikuwa yaking'aa. Macho yale yalikuwa yake. Aliyafanyia kazi misimu miwili, kwa kuingia kona ambazo mtu mwenye akili angezizunguka kwa miguu. Leo yamewashwa na mtu wa madirisha. Usiku alijaribu kulala, donge halikumpa nafasi kitandani.

Na kulikuwa na jambo jingine lililofanya donge liwe gumu zaidi. Msimu ulikuwa unakaribia kufungwa, na siku ya kufunga klabu iliita Siku ya Abiria. Siku hiyo kila dereva hubeba mtu mmoja. Ila dereva haruhusiwi kumwita mtu, wala kumkonyeza. Anakaa ndani ya gari, injini kaizima, mikono kwenye usukani, anangoja. Anayetaka kupanda huja akagonga paa. Asiyegongewa huzunguka peke yake, na kile kiti kitupu pembeni yake kila mtu anakiona. Miaka yote paa la Kinyozi liligongwa na mkono uleule, wenye pete aliyoinunua yeye.

"Mwaka huu," mkewe alisema asubuhi moja akipiga pasi, wala hakuinua uso, "nataka nijue kasi ni nini."

Hakusema zaidi. Wivu hauhitaji zaidi. Ukipewa uzi wenyewe unashona joho.

Basi ndivyo alivyofika kuchuchumaa uani kwa mama mkwe. Gari la Futi lilikuwa limeegeshwa pale kwenye kivuli, limevaa matairi makubwa na rimu za kung'aa zenye miguu mitano kama pweza aliyepungukiwa. Mama mkwe alilizunguka mara mbili akisema, "Hili sasa ndilo gari," huku gari la Kinyozi, lililoegeshwa jirani, likisikia kila kitu.

Namba za tairi si fumbo kwa anayezijua. Ya kwanza ni upana wa mpira. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, ukilinganisha na huo upana. Ya tatu ni ukubwa wa rimu. Yake Kinyozi yalikuwa mia moja tisini na tano, hamsini, kumi na tano: membamba kidogo, mafupi, mepesi, na aliyafikia baada ya kujaribu na kukosea sana. Lakini mwenye gere hapigi hesabu, analinganisha tu. Futi ana kumi na saba, yeye ana kumi na tano. Mtoto wa darasa la kwanza anajua ipi ni kubwa.

Kinachochekesha ni kwamba asubuhi ileile aliyofunga duka kwenda kununua matairi, Kinyozi alimnyoa karani mmoja aliyekuja na picha ya mcheza mpira kwenye simu. "Ninyoe hivi hivi," karani alisema. Kinyozi akaitazama picha, akakitazama kichwa. "Ndugu yangu, hizi nywele zimekatwa kufuata kichwa cha mwenyewe. Chako kina kisogo kama pembe ya meza. Ngoja nikunyoe kichwa ulichokuja nacho." Karani alitoka kapendeza. Kinyozi akafuta mashine, akafunga mlango, akaondoka na ushauri wake akiwa ameuacha sakafuni pamoja na nywele.

Muuza matairi aliitwa Upepo, na duka lake lilinuka mpira mpya mpaka barabarani.

"Kumi na saba?" Upepo alilitazama gari, akamtazama mwenye gari, akalitazama gari tena. "Kaka, gari lenyewe umelipa taarifa?"

"Yapo, hayapo?"

"Yapo. Ila tuongee kiutu uzima. Hizi rimu ulizonazo ni nyepesi, na injini yako ni ya kuazima kwa cherehani. Ukiliongezea gurudumu kimo, umempa mtoto baiskeli ya baba yake: kuendesha ataendesha, ila kuondoka ni shughuli. Tena haya ni mapana, ukikata kona yatakula digadi..."

"Mwanyumba wangu anayo."

Upepo akaiacha hotuba yake hapo. Inaelekea naye alikuwa na mwanyumba.

"Aa. Ungeanzia hapo," alisema, akanyoosha mkono kuchukua jeki. "Mimi nauza mpira, kaka, siuzi busara. Na haya ya zamani?"

"Chukua na rimu zake. Sitaki hata kuyaona."

Kwenye kioo cha duka la jirani gari lilionekana limesimama wima, limevimba mabega, kama mtu aliyevaa koti la kuazima na kukataa kukaa asilikunje. Kinyozi alilipenda mno. Ni kweli kwamba pale kwenye mzunguko wa barabara, alipokata usukani, kulisikika kitu kinakwaruza. Mkewe alilisikia pia walipokuwa wakienda sokoni.

"Nini hiyo inasugua?"

"Matairi mapya. Yanazoea."

"Yanazoea nini, kuliwa?"

"Mke wangu, umewahi kuvaa kiatu kipya kisikubane?"

Mkewe akatazama dirishani. "Kinyozi hajinyoi," alijisemea, na mumewe akajifanya anasikiliza redio, ambayo ilikuwa imezimwa.

Siku ya Abiria alifika uwanjani kabla ya wengi, ajipashe moto. Alichagua kuamini kwamba kila kitu kitakaa sawa kwenye lami. Mbio ndefu ya mwanzo ilimdanganya vizuri: gari lilikuwa kimya, limetulia, na alitabasamu kioo kizima. Kisha ikaja Kiwiko. Hiyo ndiyo kona waliyokuwa wakiiogopa wote, inapinda kulia ghafla, na ng'ambo yake umesimama ukuta wa zege wa ghala la zamani la ndege. Kinyozi alifunga breki alipozoea, akakata usukani, na upande wa kushoto mbele ukapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani. Alipotoka kwenye kona alikanyaga mafuta, akangoja. Gari nalo likangoja. Gia ya pili, iliyozoea kumrusha kama anayefukuzwa na nyuki, siku hiyo iliondoka kama karani aliyeitwa dirishani wakati wa chakula.

Alipovuka mstari mkewe aliitazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Ulipitia wapi, baba watoto? Ulisimama kusalimia watu?"

"Yanazoea," alisema Kinyozi, lakini safari hii hata yeye aliisikia sauti yake ikikwaruza.

Aliegesha gari ubavu wa kushoto ukielekea uzio, akaenda kuchungulia kwa siri. Ukingo wa digadi ulikuwa umechimba mfereji kwenye bega la tairi kuzunguka lote, na ndani ya mfereji nyuzi zilikuwa zimeanza kuonyesha meno. Alisimama haraka, akajipangusa mikono, akatazama kama kuna aliyemwona.

Hapo ndipo Futi alipoingia. Gari lake lilikuwa bado kwenye yale matairi makubwa, na tuta la getini alilipita kiubavuubavu, kama aliyebeba trei ya mayai. Akaegesha, akashuka, akasalimia wote mpaka mbwa wa mlinzi. Kisha akatoa jeki, akalegeza nati za gurudumu la mbele.

Kinyozi alijikuta amesogea. "Mwanyumba. Mbona unavua?"

"Haya?" Futi akacheka. "Haya ni ya ukweni, mwanyumba! Mama mkwe anayapenda, anasema yananifanya nionekane mtu mwenye nafasi. Ukikimbia nayo hapa utalia. Gari zito, haliondoki, digadi yenyewe ilibidi niipige nyundo ndiyo yakakaa, na hata hivyo..."

Macho yake yakafika kwenye gari la Kinyozi. Yakashuka kwenye magurudumu. Futi akaacha kucheka, kwa adabu, akainamia nati zake. Ile adabu ilimchoma Kinyozi kuliko kicheko. Ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba. Yeye alikuwa amemwiga tembo ambaye hata kunya hakuwa amekwenda, alikuwa amekwenda ukweni.

Halafu Futi akafungua mlango wa nyuma na kutoa magurudumu ya kukimbilia. Kumi na tano. Rimu zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi, matairi mapya, ila moja, lile alilolipeleka mbele kulia, lilikuwa na pengo ukingoni lenye umbo la mwezi mchanga.

Kinyozi alilifahamu pengo lile kama anavyofahamu jino lake bovu. Mkewe alilipiga alipokuwa akijifunza kuendesha, kwenye ngazi ya duka la kunyolea, mbele ya wateja waliosimama na mashuka shingoni kumshangilia. Yeye alitaka kulipeleka kwa fundi. Mkewe akakataa: "Liache. Hiyo ni sahihi yangu."

"Umezitoa wapi hizi?" aliuliza.

"Kwa Upepo." Futi hakuinua uso. "Rimu yangu moja ya kumi na tano ilipasuka siku ileile niliyo... siku niliyokwenda vizuri. Nilipofika kwake nikazikuta."

Futi alipomaliza kukaza nati ya mwisho, honi ikapigwa. Madereva wakaingia magarini, injini zikazimwa, uwanja ukanyamaza.

Kinyozi alishika usukani, akatazama kioo cha kati. Alimwona mkewe akimkabidhi mdogo wake saa ya kubonyeza. Alimwona akianza kutembea, taratibu, mikono nyuma, kama mama anayechagua kitambaa. Mke wa dobi aligonga paa la dobi. Mtu mwingine akamgongea mwalimu. Mkewe akafika kwenye gari la Futi, akasimama. Akainama. Kidole chake kikagusa pengo la rimu, kikafuata umbo lake mwanzo hadi mwisho.

Kinyozi alifumba macho. Roho yake ilimwambia mkewe: nenda, basi, kagonge, umekwisha kuiona sahihi yako, gari ni lile, mimi hapa nimebakiwa na bodi na digadi zinazotafuna. Alikuwa bado anajisomea mashtaka hayo paa lilipogongwa juu ya kichwa chake.

Mlango ukafunguliwa, mkewe akaingia na kofia ngumu mapajani.

"Nimeiona sahihi yangu kule," alisema akifunga mkanda. "Imepakwa masizi. Nitauliza baadaye."

"Si ulisema unataka kujua kasi ni nini?"

"Nilisema hivyo. Je, nilisema kwenye gari la nani? Huko kwingine umejijazia mwenyewe."

Ungedhani hapo donge lingeyeyuka. Lilianza kuyeyuka kweli. Kinyozi aliwasha gari akiwa na kifua cha jogoo, akamtupia Futi jicho moja la pembeni. Futi alikuwa peke yake. Alikaa wima, mikono kwenye usukani, amejiandaa kama kila mwaka, na hakuna aliyemgongea. Mke wa Futi kizunguzungu kilimpata hata kwenye bembea. Hajawahi kupanda gari lile likiwa linakimbia. Kila Siku ya Abiria Futi alizunguka na kiti kitupu, akatoka akitabasamu, akasaidia kukunja kamba. Kinyozi alikuwa ameliona hilo mwaka hadi mwaka na kulihesabu kuwa ushindi.

Alisogeza gari kuelekea mstari. Alipokata usukani, upande wa kushoto ukakwaruza.

"Bado yanazoea?" mkewe aliuliza, akivaa kofia.

Angeweza kwenda polepole. Lakini alijijua, watu wakiwa wanatazama na Futi yuko nyuma, mguu wake haukuwahi kwenda polepole. Angefika Kiwiko, angefunga breki pale pale alipozoea, na lile bega la tairi lingeamua lenyewe. Upande wa kushoto, mbele, ukuta wa zege. Akauona ukuta kabla hajaufikia. Akamwona mkewe anacheka ndani ya kofia.

Akazima gari.

"Shuka."

"Nishuke?"

"Shuka, mama watoto. Inama hapo mbele, kushoto, utazame tairi."

Alishuka, akatazama. Alikaa ameinama muda wa kutosha kwa uwanja mzima kusimama kwa vidole. Aliporudi kwenye dirisha uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ungeniingiza Kiwiko na kitu hiki?"

"Ndiyo maana nimekwambia ushuke."

"Tangu asubuhi ulijua?"

Kinyozi alitazama usukani. "Tangu asubuhi nilijua. Tangu kwa Upepo nilikuwa na wasiwasi. Nilisoma tairi la mwanyumba uani kwa mama, nikadhani ndiyo dawa." Akauachia usukani. "Nenda kwake. Ana kiti. Na zile rimu unazijua."

"Sheria hairuhusu dereva kumwita abiria."

"Inakataza kumwita. Kumfukuza haijasema."

Mkewe alimtazama kidogo, kisha akageuka. Uwanja ulimwona akitoka gari moja kwenda jingine, na Kinyozi aliwaona wakimwona. Aliligonga paa la Futi. Futi aliinua uso kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa ugeni, akafungua mlango kwa kuhangaika, futi ya chuma ikamponyoka mfukoni na kuanguka kwenye lami.

Kinyozi alilisukuma gari lake pembeni, akaenda kwa shemeji na kunyoosha mkono. "Nipe saa."

Shemeji aliishika saa kifuani. "Kidole chako kitaweza?"

"Kitaweza."

"Kifungo nacho ulikipata?"

"Shemeji, nipe saa."

Gari la Futi liliondoka, rimu nyeusi zikachanganyika na kuwa duara moja. Kinyozi alibonyeza pua ilipogusa mstari. Alilifuata kwa macho mpaka Kiwiko, akaona taa za breki zikiwaka mapema, mapema mno, kwenye kibao ambacho yeye hukipita akiwa bado amekanyaga mafuta. Gari likaingia safi, likatoka safi, likaruka kama anayefukuzwa na nyuki. Nyuki wake. Ndani mle alikuwa mkewe, na yeye amesimama na saa kama mlinzi wa mali ya watu. Kidole gumba kilimnong'oneza: chelewa kidogo, nani atajua? Gari lilikuja kubwa, kubwa zaidi, likagusa mstari, naye akabonyeza palepale, si kabla wala si baada.

Akaitazama saa. Futi alikuwa nyuma ya mzunguko wake yeye wa mwaka jana, kwa rimu zilezile na abiria yuleyule. Kwa pumzi moja. Furaha ilimpanda mpaka masikioni, akaisoma namba kwa sauti ili kila mtu asikie, kisha akajiona alivyo, mtu mzima anayechekelea ushindi wa mwaka jana huku gari lake la mwaka huu limelala kando ya uzio.

Futi alishuka, akamjia moja kwa moja. "Mwanyumba," alisema, akimshika mkono kwa mikono yote miwili, "nina neno. Zile rimu nilijua ni zako. Upepo aliniambia."

"Nilihisi."

"Na kabla ya hapo pia. Msimu mzima uliopita. Unadhani nywele zangu hizi zinaota kwa kasi hiyo? Nilikuja kila wiki nichuchumae nje ya duka lako, nisome tairi. Leo nasoma upana, wiki ijayo kimo, maana nilikuwa naogopa utanikuta."

Kinyozi akamtazama kichwani, pale nywele zilipokuwa za kuhesabika, akakumbuka jinsi alivyomwosha, akamkausha, akampaka na mafuta. "Kwa nini?"

Futi alitazama kiti cha abiria, mkanda wake ukiwa bado unaning'inia. "Kwako kila mwaka paa linagongwa," alisema. "Nikadhani ni matairi."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa shemeji, ambaye alicheka kwa wote, kisha akamfuta mumewe jasho la shingo kwa kiganja.

Lile tairi lililoliwa lisingefika nyumbani. Futi alileta moja la ukweni, lenye namba sawa na yale ya Kinyozi, wakalifunga pamoja, mmoja anashika jeki, mwingine spana. Futi alipima pengo la digadi kwa futi yake, akatikisa kichwa, akaomba nyundo. Walikubaliana kwa mdomo kwamba hizo kumi na tano watazitumia zamu kwa zamu mpaka mmoja wao apate akili.

Kinyozi aliondoka uwanjani na mkewe pembeni, tuta la getini akalipita kiubavuubavu. Swali lilikuwa linamtekenya tangu alipobonyeza saa, akalizuia mpaka taa za barabarani za kwanza, hapo likamtoroka.

"Eh, sema. Kasi umeijua?"

"Nimeijua." Mkewe alikuwa ameegemea kiti, kofia mapajani. "Mtu anaendesha vizuri, mwanyumba wako. Anapima. Kiwiko chote sikufumba macho hata mara moja."

Kinyozi aliligeuzageuza jibu hilo kama mteja anayekagua kisogo kwa kioo cha mkononi. "Kwangu huwa unafumba?"

"Kwako? Tangu mwaka wa kwanza sijawahi kuiona kona ile ilivyo."

"Sasa hiyo ni sifa yake au yangu?"

Taa ikageuka kijani. Akakata kona kuelekea nyumbani, na mbele kushoto kitu kikakwaruza kidogo.

"Endesha," mkewe alisema. "Donge lako hilo nalo litazoea."